Diski Ngumu au SSD: Kompyuta ya Nyumbani na Muda wa Kusubiri

Mada ya leo ni swali linaloulizwa kila siku mbele ya meza za mafundi wa kompyuta, kuanzia Kariakoo jijini Dar es Salaam hadi barabara ya Luthuli jijini Nairobi: mtu anayenunua au kukarabati kompyuta ya nyumbani aweke diski ngumu, ile ambayo wengi huiita “hadi diski”, au aweke SSD? Kwa kawaida swali hilo hujibiwa kwa mambo mawili, ukubwa na bei. Muuzaji hutaja idadi ya gigabaiti, akataja na kiasi cha fedha, kisha akanyamaza. Mazungumzo haya yatashikilia kwamba kipimo chenye uzito zaidi kwa mtumiaji wa nyumbani hakimo kati ya hivyo viwili, bali ni muda ambao mtu hukaa mbele ya mashine akisubiri, na kwamba kipimo hicho kikishaeleweka, sehemu kubwa ya mabishano hujimaliza yenyewe.

Kwanza, maana ya vitu vyenyewe. Diski, iwe ya aina gani, ni sehemu ya kompyuta inayotunza mfumo endeshi, programu na mafaili hata umeme unapozimwa, na hapo ndipo inapotofautiana na kumbukumbu ya muda, yaani RAM, ambayo hushika tu kile kinachofanyiwa kazi kwa wakati huo na kupoteza kila kitu mara mashine inapozimwa. Tofauti hiyo inafaa kushikwa mapema, kwa sababu wanunuzi wengi huambiwa kwamba mashine ina “memori ya mia tano”, wakaondoka wakiamini kuwa ukubwa huo ndio utakaoipa wepesi, ilhali wingi wa nafasi katika diski hauna uhusiano wa moja kwa moja na kasi ya kompyuta.

Diski ngumu hufanyaje kazi? Ndani ya kasha lake la chuma mna sahani moja au zaidi, za aluminiamu au za kioo, zilizopakwa utando mwembamba wenye usumaku, nazo huzungushwa na mota mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya uso wa kila sahani kuna kichwa kidogo cha kusomea na kuandikia, kilichoshikwa na mkono unaokwenda ndani na nje. Kichwa hicho hakigusi sahani hata kidogo, bali huelea juu ya tabaka la hewa lenye unene wa nanomita chache tu, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ndiyo maana kompyuta mpakato yenye diski ya namna hii ikiangushwa au kugongwa wakati inafanya kazi, kichwa kinaweza kuikwaruza sahani na kuharibu kilichoandikwa hapo, na ndiyo maana pia mafundi huonya watu wasifungue kasha hilo nje ya chumba maalumu kisicho na vumbi.

Kifaa cha kwanza cha aina hii kuuzwa kilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956 pamoja na kompyuta iliyoitwa RAMAC. Kilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, uzito wake ulikaribia tani moja, na nafasi yake yote ilitosha herufi milioni 5 hivi, kiasi ambacho leo hujazwa na picha moja au mbili za simu. Safari ya kutoka hapo hadi diski ya terabaiti kadhaa inayokaa kiganjani ilibebwa na wengi, wakiwamo wanafizikia Albert Fert wa Ufaransa na Peter Grünberg wa Ujerumani. Mwaka 1988 wawili hao, kila mmoja na kundi lake, waligundua kwamba matabaka membamba mno ya metali hubadilisha sana ukinzani wake wa umeme yanapokutana na usumaku hafifu. Ugunduzi huo uliviwezesha vichwa vya diski kusoma alama ndogo kuliko ilivyowezekana awali, na mwaka 2007 ukawapatia Tuzo ya Nobel ya fizikia. Diski ngumu, kwa hiyo, haistahili kudharauliwa kama chombo cha kizamani. Ni miongoni mwa mashine sanifu zaidi zilizowahi kuingia katika nyumba za watu wa kawaida.

SSD ni kitu kingine kabisa. Haina sahani, haina mota, haina mkono, wala hakuna kinachosogea ndani yake. Data hutunzwa katika chipu zenye mabilioni ya seli, na kila seli ni mtego mdogo uliozungukwa na kihami, yaani dutu isiyopitisha umeme, ambamo elektroni hunaswa zikabaki humo hata umeme ukikatwa. Kiasi cha elektroni zilizonaswa ndicho kinachosomwa kama data. Teknolojia hiyo ilibuniwa na mhandisi Mjapani Fujio Masuoka akiwa katika kampuni ya Toshiba, aliyeitangaza kwa mara ya kwanza mwaka 1984, kisha mwaka 1987 akatoa muundo uitwao NAND, ambao ndio uliomo ndani ya SSD za leo, katika flashi diski na hata katika simu za mkononi. Historia hiyo ina kichekesho chake kichungu, kwani Masuoka alilazimika baadaye kuishtaki kampuni hiyo mahakamani akidai malipo ya haki kwa uvumbuzi wake, na shauri likaishia kwa suluhu mwaka 2006.

Sasa, wasikilizaji, ni hapa ambapo suala la kusubiri linaingia. Mtu anapowasha kompyuta, au anapofungua kivinjari cha intaneti, mashine haisomi faili moja kubwa kutoka mwanzo hadi mwisho, bali husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika huku na huko. Diski ngumu katika kazi hiyo ni mfano wa karani wa masjala aliyeagizwa majalada mia tano, kila moja likiwa katika kabati tofauti: hata awe na miguu miepesi namna gani, muda wake mwingi utaishia njiani. Mkono wa diski lazima usogee hadi kwenye mstari unaohusika, kisha usubiri sahani izunguke hadi sehemu inayotakiwa ifike chini ya kichwa. Sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hukamilisha mzunguko mmoja kwa milisekunde 8 hivi, na milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukijumlishwa mwendo wa mkono na muda wa kungoja sahani, kila ombi hugharimu zaidi ya milisekunde 10, hivyo diski nzima huweza kujibu takriban maombi mia moja tu kwa sekunde. SSD haina pa kwenda wala cha kuzungusha, hujibu ombi moja ndani ya sehemu moja ya kumi ya milisekunde au chini ya hapo, na kwa sekunde hiyo hiyo moja huwa imeshajibu maelfu mengi.

Je, tofauti hiyo huonekanaje sebuleni? Huonekana asubuhi, mtu anapobonyeza kitufe cha kuwasha, akaenda kuchemsha chai, akarudi na kukuta taa ya diski bado inamemeteka na kiashirio cha kipanya bado kinazunguka. Huonekana pale mwanafunzi anapofungua hati yake ya kazi ya shule wakati huo huo programu ya kuzuia virusi ikiwa imeanza ukaguzi wake, mfumo endeshi nao unapakua masasisho, na mashine ikaganda kana kwamba imekufa, kumbe haijafa, ila maombi yote yamejipanga foleni mbele ya mkono mmoja. Kwa SSD foleni hiyo karibu haipo. Jambo hili litarudiwa kwa makusudi: kinachomchosha mtumiaji wa nyumbani si uchache wa gigabaiti, bali ni foleni ya maombi madogo madogo.

Msikilizaji makini atauliza: mbona maandishi ya kwenye boksi hayasemi hivyo? Ni kweli, hayasemi. Boksi hutaja kasi ya kusoma faili moja kubwa mfululizo, kwa sababu hiyo ndiyo tarakimu inayopendeza macho. Kwa kipimo hicho, diski ngumu nzuri husoma megabaiti 100 hadi 200 na zaidi kidogo kwa sekunde. SSD inayotumia kiunganishi cha SATA, yaani kile kile cha diski ngumu, husoma megabaiti 500 na kitu. Na SSD za aina ya NVMe, zinazochomekwa moja kwa moja kwenye bodi mama na kuwasiliana na kichakata kupitia njia pana zaidi, husoma megabaiti 3,000 hadi 7,000, nyingine hata zaidi. Mnunuzi anayetazama tarakimu hizo atadhani kwamba hatua kubwa ni ile ya kutoka SATA kwenda NVMe, na muuzaji hatakuwa na haraka ya kumkosoa. Kwa matumizi ya nyumbani ukweli uko kinyume: hatua kubwa, ile ambayo hata mtoto ataitambua, ni ya kutoka diski ngumu kwenda SSD yoyote ile iliyo halisi, kwa sababu hapo ndipo foleni inapokatika; hatua ya kutoka SATA kwenda NVMe huwafaa wanaohariri video nzito au kuhamisha mafaili makubwa kila siku, lakini kwa anayeandika barua, anayesoma habari na kutazama filamu ni vigumu kuihisi. Filamu yenyewe huhitaji megabaiti chache tu kwa sekunde, kiasi ambacho diski ngumu ya zamani hukitoa bila jasho.

Suala hili lina uzito wa pekee Afrika Mashariki, ambako kompyuta nyingi za nyumbani ni za mtumba, zilizotumika maofisini Ulaya, Marekani au katika nchi za Ghuba, kisha zikasafirishwa zikiwa bado na diski ngumu za gigabaiti 250 au 500 zilizokwisha kuzunguka kwa miaka mitano au kumi. Mashine kama hizo mara nyingi zina kichakata kinachotosha kabisa kwa kazi za nyumba, na kinachozifanya zionekane chakavu ni diski peke yake. Familia yenye fedha kidogo, inayojadiliana kama itupe kompyuta ya zamani na kununua nyingine, ingefanya vyema kujaribu kwanza SSD ndogo ya SATA ya gigabaiti 240 au 256, ambayo gharama yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya mashine mpya, na ambayo fundi mwenye bisibisi huifunga kwa muda mfupi, kwa kuwa kebo zinazohitajika ni zile zile.

Kuna mipaka miwili ya kutajwa hapa ili tumaini lisipite kiasi. Mpaka wa kwanza ni RAM: mashine yenye gigabaiti 2 za RAM itaendelea kulemewa, kwa sababu RAM inapojaa kompyuta huanza kutumia diski kama nafasi ya akiba, na SSD, ingawa huifanya akiba hiyo ivumilike, haifikii kasi ya RAM yenyewe. Mpaka wa pili ni umri wa mfumo endeshi: Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11; SSD haitabadilisha hilo, ingawa mifumo huria ya Linux huendesha mashine hizo vizuri kwa anayekubali kujifunza mazingira mapya.

Je, basi diski ngumu imekwisha kazi? La, hasha. Kila SSD inapoongezwa ukubwa huhitaji chipu zaidi, na bei yake hupanda karibu sambamba na ukubwa. Diski ngumu haiko hivyo: hata iliyo ndogo kabisa lazima iwe na mota, mkono, sahani na kasha, na gharama za vitu hivyo hazipungui kwa kupunguza nafasi. Matokeo yake ni kwamba katika ukubwa mdogo, kama gigabaiti 256, hakuna sababu yoyote ya kununua diski ngumu mpya, kwa kuwa bei hukaribiana au hata SSD ikawa nafuu. Lakini katika terabaiti 4 na kuendelea, diski ngumu bado hutoa nafasi nyingi zaidi kwa fedha ile ile. Bei za chipu zenyewe hupanda na kushuka kwa kutegemea soko la dunia, hivyo mnunuzi asishikilie bei aliyosikia mwaka uliopita.

Ndipo linapokuja pendekezo ambalo mazungumzo haya yanaliona kuwa la busara zaidi kwa nyumba nyingi, nalo ni kwamba kila kifaa kipewe kazi yake. SSD ibebe mfumo endeshi, programu, na hati zinazotumika kila siku, kwa maana hivyo ndivyo vinavyosababisha foleni. Diski ngumu ibebe vitu vikubwa visivyoguswa mara kwa mara: video za harusi, kanda za kwaya na kaswida, picha za miaka kumi, filamu za watoto. Kompyuta ya mezani huwa na nafasi ya kufunga vyote viwili kwa pamoja. Nyumba zilizofunga kamera za ulinzi zina sababu nyingine ya kuihitaji diski ngumu, kwani kinasa picha cha kamera huandika mchana na usiku bila kupumzika, huandika kwa mfululizo na si kwa vipande vilivyotawanyika, na huhitaji nafasi ya siku nyingi. Hapo diski ngumu, hasa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera, ziko nyumbani kwao.

Kuandika bila kupumzika kunaleta hofu ambayo mafundi wengi huitaja: kwamba SSD “huisha”. Hofu hiyo ina msingi, lakini imekuzwa mno. Ni kweli kwamba kila seli huchakaa kidogo kila inapofutwa na kuandikwa upya, kwa kuwa kihami chake hudhoofika, na ni kweli kwamba seli zinazobeba biti tatu au nne kila moja, ambazo ndizo zinazopunguza bei, huchakaa mapema kuliko zile zinazobeba biti moja. Hata hivyo, ndani ya kila SSD mna kidhibiti, yaani kompyuta ndogo inayosambaza maandishi sawasawa katika seli zote ili pasiwe na sehemu inayochoka peke yake. Watengenezaji hutoa kikomo cha dhamana kwa kiasi cha data kinachoweza kuandikwa. SSD ya bei ya chini ya gigabaiti 240, kwa mfano, inaweza kupewa kikomo cha terabaiti 80. Familia inayoandika gigabaiti 20 kila siku, kiasi ambacho ni kikubwa kwa matumizi ya kawaida, itaandika terabaiti 7 na kidogo kwa mwaka, hivyo itachukua takriban miaka kumi na moja kukifikia. Kompyuta yenyewe huenda ikawa imekwisha kutupwa kabla ya hapo.

Jambo linalostahili hofu zaidi, na ambalo halitajwi sana, ni kuiacha SSD bila umeme kwa muda mrefu mahali penye joto. Elektroni zilizonaswa huvuja polepole, na joto huharakisha uvujaji huo. Kigezo cha kimataifa cha viwanda vya chipu kinaitaka SSD ya mtumiaji wa kawaida, baada ya kutumika hadi kikomo chake, itunze data kwa mwaka mmoja bila umeme katika nyuzi joto 30 za Selsiasi. SSD ambayo ingali mpya hutunza kwa muda mrefu zaidi ya huo. Lakini anayeishi Tanga, Mombasa au Zanzibar, ambako ndani ya kabati lililofungwa joto hupita nyuzi 30 bila shida, asiifanye SSD iliyochakaa kuwa sanduku la kumbukumbu za familia la kufungiwa na kusahauliwa. Kwa kazi hiyo, diski ngumu iliyohifadhiwa mahali pakavu, mbali na mitikisiko, ina nafasi nzuri zaidi.

Namna ya kufa pia hutofautiana. Diski ngumu aghalabu huaga: huanza kugonga, huchelewa kufungua folda, hutoa makosa ya kusoma, na mwenye masikio hupata siku kadhaa za kuokoa vitu vyake. SSD kidhibiti chake kinapoharibika hunyamaza ghafla, na kompyuta huwashwa asubuhi ikasema haioni diski yoyote. Tena, faili likifutwa kwa bahati mbaya katika diski ngumu, fundi mara nyingi huweza kulirudisha, kwa sababu kufuta huondoa tu jina lake katika orodha. Katika SSD mfumo endeshi hukiarifu kidhibiti kwamba nafasi hiyo haitumiki tena, nacho huisafisha kwa ajili ya maandishi mapya, na hapo faili limekwenda. Kwa sababu hiyo nakala rudufu, yaani nakala ya pili inayokaa katika kifaa kingine, si anasa ya maofisi. Litarudiwa hili nalo: diski mbili ndani ya kompyuta moja, moja ikiwa na picha na nyingine ikiwa na programu, si nakala rudufu; picha hizo hizo zikiwa mahali pawili ndiyo nakala rudufu.

Kuhusu kukatika kwa umeme, ambako hakuhitaji kuelezwa kwa wasikilizaji wa ukanda huu, yatosha kusema kwamba aina zote mbili huumia. Diski ngumu za kisasa hukirudisha kichwa mahali pa usalama umeme unapozimika, na SSD haina kichwa cha kuogopewa, lakini data iliyokuwa bado njiani kuandikwa inaweza kupotea katika zote, na SSD nyingi za nyumbani hazina hifadhi ndogo ya umeme inayowekwa katika zile za kwenye seva. Kompyuta mpakato hulindwa na betri yake. Ya mezani huhitaji kifaa cha akiba ya umeme, kile kiitwacho UPS. Kwa nyumba zinazotegemea umeme wa jua kuna faida ya ziada kwa upande wa SSD: diski ngumu ya kompyuta ya mezani hula wati 5 hivi au zaidi muda wote inapozunguka, na SSD ikiwa haina kazi hula chini ya wati 1.

Yamebaki mambo ya dukani. Mnunuzi ajue kwanza kompyuta yake inapokea umbo gani. Mashine za mwaka 2012 au 2013 kwa kawaida hupokea SSD ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA. Mpya zaidi huwa na tundu jembamba liitwalo M.2, na hapa ndipo wengi hunaswa, kwani kijiti kinachoingia katika tundu hilo kinaweza kuwa cha SATA au cha NVMe; vinafanana mno kwa macho, ilhali baadhi ya bodi mama hukubali kimoja tu. Njia salama ni kusoma maelezo ya modeli ya kompyuta kabla ya kutoa fedha, au kwenda nayo dukani.

Pili, bandia zipo. Ziko SSD na flashi diski zinazoandikwa terabaiti kadhaa kwa bei ya chakula cha mchana, ambazo ndani zina chipu ndogo iliyodanganywa itangaze ukubwa isiokuwa nao. Mafaili hunakiliwa bila malalamiko, na ni siku ya kuyafungua ndipo mwenyewe hugundua kwamba hayapo. Programu ya bure iitwayo H2testw hujaza kifaa chote kisha ikasoma upya na kusema ukweli wake. Zipo pia diski ngumu zilizotumika zinazouzwa katika mifuko mipya, na hizi hufichuliwa na programu kama CrystalDiskInfo, ambayo husoma kumbukumbu za ndani za diski na kuonyesha imewashwa kwa saa ngapi na kama kuna sehemu zilizokwisha kuharibika, ijapokuwa wadanganyifu hodari huweza kuifuta hesabu hiyo. Fundi mwaminifu hatakataa kuichomeka diski na kuonyesha. Lakini mnunuzi asimlaumu muuzaji bure pale SSD ya gigabaiti 240 inapoonekana katika Windows kuwa 223, au diski ya 500 inapoonekana kuwa 465: mtengenezaji huhesabu gigabaiti kwa mabilioni kamili, Windows huihesabu kwa kizidisho cha 1,024, na hakuna kilichoibwa.

SSD ikishapatikana, kuna njia mbili za kuhamia. Ya kwanza ni kunakili diski nzima kama ilivyo, kwa programu kama Clonezilla, ambayo ni ya bure. Ya pili ni kusimika mfumo endeshi upya na kurudisha hati peke yake. Kwa mashine ya mtumba, ambayo haijulikani ilipitia mikononi mwa nani na imebeba programu gani, njia ya pili ina usafi zaidi, hata kama itakula jioni nzima. Diski ngumu iliyotolewa isitupwe ikiwa bado ni nzima: huingizwa katika kasha dogo la nje lenye kebo ya USB, ikawa kifaa cha nakala rudufu cha kuchomekwa mara moja kwa juma na kuwekwa chumba kingine, au kwa ndugu.

Na kama diski ya zamani inauzwa au kutolewa, basi kufuta mafaili au kuiumbiza kwa haraka hakutoshi, kwa sababu picha, vyeti na nywila hubaki pale pale zikimngoja mwenye programu ya kuzirudisha. Kwa diski ngumu, kuandika sifuri juu ya diski yote mara moja kunatosha. Kwa SSD, ambayo kidhibiti chake husambaza maandishi kinavyotaka na kubakiza akiba ya seli zisizoonekana na mfumo endeshi, njia ya kuandika juu haina uhakika. Hutumika programu ya mtengenezaji inayotuma amri ya kusafisha seli zote kwa pamoja, kazi ambayo mara nyingi humalizika ndani ya dakika chache, na baada yake kifaa huwa tayari kwa mwenye kukinunua.